Mche wa Ruzuku

"Usiufukie!"

Hassani aliteremka mbio, jembe mkononi. Mjane wa kaka yake alikuwa amepiga magoti, mche wa mgrevilea umeshaingia shimoni.

"Shemeji, kuna mradi unatoa ruzuku kwa wanaopanda miti."

"Ruzuku ya mbolea wameifuta, ya miti wameitoa wapi? Shamba la kuazima hupandwa maharage. Leo mti, kesho utasema shamba ni lako!"

Mjane akauchomoa mche, akamnyooshea. "Basi panda wewe."

Hassani akaupokea. Udongo wa mizizini ulikuwa baridi, ukimpukutikia vidoleni.

Ng'ambo ya mfereji, mzee aliyemwazimisha marehemu baba yake Hassani shamba hilohilo aliacha kupalilia, akanyoosha mgongo, akautazama ule mche mkononi mwa Hassani.