Kabla ya Skrubu ya Mwisho

Sheria ilitaka kila kompyuta isikilize mazungumzo ya nyumbani na kuyaripoti. Kompyuta ya Mama Wakesho ilisamehewa kwa uzee. Haikuwa na nguvu hiyo. Lakini mtihani wa bintiye haukufunguka humo, basi akaifungua, akabadilisha diski, akapachika na kumbukumbu kubwa zaidi.

Mumewe hakuwahi kula chakula cha jioni bila kuisema serikali.

“Baba Wakesho, kama una neno, liseme sasa,” alimwambia, skrubu ya mwisho mkononi.

“Neno? Nina hotuba.”

“Fupisha.”

Akaitoa yote, wakacheka wote watatu. Kisha mama akakaza skrubu, akawasha. Mtihani ukafunguka papo hapo.

“Hamjambo,” ikasema kompyuta. “Mbona mmenyamaza?”