Kabla ya Kusaini

Jisha alikaa mbele ya wanakamati watano, soksi zimemlowa kwa theluji iliyoyeyuka pale mlangoni wanapovulia viatu. Bila barua ya mji huu mdogo ya kumpendekeza, ukaazi wa Kanada angeusikia kwenye bomba.

"Yule fundi wa kuchomelea tuliyempitisha mwaka jana," alisema mwenye duka, "karatasi kutoka tu, huyoo, Toronto! Na wewe je, binti?"

"Mimi nitakaa hapa hapa."

Ukweli aliujua mtu mmoja tu: mzee ambaye Jisha humlisha uji kila asubuhi katika nyumba ya wazee, asahauye neno kabla kijiko hakijarudi bakulini. Kwake alimwaga yote ya moyoni: dada anayemngoja Toronto, chumba kilichokwisha kupakwa rangi.

Mwenyekiti, binti wa mzee huyo, alishika kalamu asaini. Kisha akaiweka chini.

"Baba hata jina langu halijui tena," alisema polepole. "Lakini jana kanishika mkono, analia."

Baridi ya soksi ilimpanda Jisha hadi moyoni.

"Kaniuliza, 'Yule wa uji akienda Toronto, nani atanilisha?'"