Ndimu Iliyoisha

Gaudence, msafishaji wa maabara ya chuo, alikuwa ameisugua sarafu ya Kirumi kwa ndimu na chumvi, kama anavyosugua vinara vya shaba vya kanisa lao mtaani Bertrams. Kutu ya kijani ilikuwa imetoka, na pua ya kaisari pia.

"Eish, Mama! Sarafu husafishwa kavu, kwa kijiti!" profesa alifoka. "Mwaka ukifutika, hatutajua nyumba tuliyoichimbua Yordani ni ya lini."

"Igeuze, Profesa."

"Nini?"

"Upande wa pili sijaugusa. Ndimu iliniishia."

Profesa akaigeuza chini ya lenzi. Ndani ya kutu, herufi mbili za Kigiriki zilikuwa nzima, na watu wa mji uliotoa sarafu hiyo waliandika tarakimu za mwaka kwa herufi.

"Mwaka wa mia moja na nne tangu mji wao uanze kuhesabu," alinong'ona.

Gaudence akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.