Kifuko cha Mchele

Wegesa alifuta kioo cha mwisho kwa pamba yenye spiriti, akaifunga lenzi ya zamani, akaiinua dirishani. Ukungu wa ndani ulikuwa umetoka wote. Ziwa lilionekana humo, dogo, safi, limepinduka.

Mezani kulikuwa na kifuko alichokishona asubuhi, kimejaa mchele uliokaangwa bila mafuta. Marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha: mchele huo hunywa unyevu, na lenzi ikilala nao kwenye kopo haipati ukungu. Kilikuwa bado cha moto.

“Kumbe inapona!” alisema baba yake mdogo, aliyeileta kwenye mkoba wa ngozi unaonuka uvundo. “Tatizo marehemu alikuwaga mzembe. Vitu vya maana alikuwa anaviacha vinaoza tu.”

Mkono wa Wegesa ulisimama. Siku mtu huyu alipoibeba lenzi hii, matanga hata hayajaisha, kioo chake kilikuwa kinang'aa. Akaipiga studio ya picha ya baba kufuli mama akiwa analia mlangoni, akaenda kuifungia lenzi kwake Bukima, pale pale ufukweni.

“Sasa niitunzeje, isirudie? Nataka ipige picha za harusi ya binti yangu.”

Wegesa alikifunika kifuko kwa kiganja, akakivuta taratibu mpaka kikamwangukia mapajani.

“Irudishe kwenye mkoba wake wa ngozi,” alisema kwa upole. “Ufunge kabisa, weka chini ya kitanda, usiufungue mpaka siku ya harusi ya binti yako.”

“Ubarikiwe, mwanangu.”

Joto la mchele lilikuwa linapenya gauni.

“Amina, baba mdogo.”