Kelele za Saa Kumi

“Imeanza tena!” Kasuku alitupa penseli, akakibandua kile kidude cha mviringo kichwani kama mtu anayeng'oa kupe.

Baba akatazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika tano. Siku ya sita mfululizo.

“Inasemaje leo?”

“Vilevile. Krap, krap, krap. Humu!” Akajigonga nyuma ya sikio.

Kasuku ni jina la utani. Miaka minne ya kwanza hakusikia hata mlango ukibamizwa. Kisha akapasuliwa, akawekewa kifaa cha kusikia, nusu chini ya ngozi, nusu nje imeshikwa kwa sumaku. Akajifunza kusema, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Sasa ana miaka tisa, na kifaa kinatafuna.

Walipokipeleka kliniki, Fundi alikigeuza huku na huku. Akabadilisha betri, akakikausha jasho. Mbele yake kifaa kikatulia kama mtoto aliyeahidiwa peremende.

“Na kile kinasa sauti cha kusomea?” Fundi akauliza.

“Mama yangu hukizima kila siku, namwona,” Baba akajibu.

Kweli alimwona. Bibi ndiye aliyemsomesha Kasuku kila alasiri, na hapo alivaa shingoni kinasa sauti kidogo kilichopeleka maneno yake moja kwa moja kichwani mwa mjukuu, hata ukuta ukiwa katikati. Somo likiisha, alikibonyeza hadi kijitaa kiwe chekundu, kama cha barabarani, kisha akakiacha hapohapo shingoni. Mkufu mwingine hakuwa nao.

Fundi akashusha pumzi. “Basi kosa haliko nje. Kama liko ndani, itabidi tumpasue tena.”

Kasuku akamshika Baba mkono. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno, na hilo ndilo lililomtisha Baba kuliko yote.

Kesho yake Fundi akaja nyumbani mwenyewe, na visikizi vyake vya kumwezesha kusikia kila kinachoingia kwenye kifaa cha mtoto. Baba akamtengea chai, akafungua kopo la biskuti. Makombo matupu.

“Samahani, Fundi. Nililijaza juzi tu.”

“Panya,” akasema Bibi. Alikuwa anakunywa chai yake isiyo na sukari, kwa amri ya daktari, uso umekunjamana kama aliyelishwa shubiri. “Na haohao ndio waliotafuna nyaya za mtoto. Tegeni mtego, mtaniambia.”

“Kifaa hiki hakina nyaya za kutafunwa, Bibi.”

“Umesoma wewe. Panya hajasoma.”

Kasuku akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Bibi akamfunika kichwa kwa kiganja, juu ya kile kidude, akakiacha hapo kitambo. “Hakupasui mtu, mjukuu wangu. Labda waanze na mimi.”

Kisha akajishika kiuno. Mgongo, eti. Akaenda chumbani kujinyoosha, kama kawaida yake, akafunga mlango.

Wakasubiri. Baba hakuigusa chai. Saa ya ukutani ikafika saa kumi, ikapita.

“Imeanza!” Kasuku akanyoosha kidole juu, kama yuko darasani.

Fundi akavaa visikizi. Akasikiliza. Nyusi zake zikapanda polepole hadi zikakaribia nywele.

“Ni ndani?” Baba akauliza.

“Ndani,” akasema Fundi, akiuma midomo. “Lakini si ndani ya mtoto. Kile kinasa sauti kikizimwa, kijitaa hakiwaki kabisa.”

Akavivua, akamvisha Baba.

Krap, krap, krap. Halafu sauti anayoijua tangu azaliwe, mdomo umejaa: “Ee Mola, nisamehe, hii ndiyo ya mwisho… Haya, na hii.”