Maiti Aliyegeuka Nyuma

Maiti wa mwisho aligeuka, akaitazama kamera, na Rogers akaruka kutoka kwenye benchi.

"Rudisha!" alimpigia kelele mwenye kibanda umiza. "Rudisha hapo!"

Watu walimzomea. Gairo nzima ilikuwa ikiisubiri sinema hii. Enzi zile *Wasiozikwa* ilipokuwa tamthilia ya kwenye runinga, watoto walikimbilia mvunguni wimbo wake ukianza tu. Sasa hadithi ilikuwa imeendelezwa kwa sinema ndefu, iliyopigwa huko milima ya Uluguru, na hakuna aliyetaka kurudishwa nyuma. Lakini mwenye kibanda alipouona uso wa Rogers, alirudisha.

Wafu wakateremka tena mlimani, wamepakwa unga, mienge mkononi. Wa mwisho akageuka. Sikio lake la kushoto lilikuwa nusu.

Kila mtu pale alilijua sikio lile. Lilikuwa la Stefano, kaka yake Rogers, aliyechukuliwa na maji ya korongo mvua za mwaka juzi.

Rogers alimkuta Kristina, mke wa Stefano, kwenye meza yake ya ndizi sokoni. Habari ilikuwa imeshamfikia. Kisu kilikuwa kimemteleza, na kidole gumba alikifunga kwa pindo la khanga.

"Shemeji, ni yeye."

"Watu wanafanana, Rogers. Mwache marehemu apumzike."

"Na sikio je?"

Kristina alianza kupanga upya ndizi alizokwisha kuzipanga.

Tangu hapo Rogers hakutulia. Alikula akisimama, akaanza kazi na kuziacha. Watu walijua kilichokuwa kikimtafuna. Mwanawe alipofariki ghafla, ni yeye aliyesema Stefano kamroga. Ni yeye aliyewaongoza vijana wenye mapanga mpaka mlangoni kwa kaka yake, mvua ikimwagika. Stefano alitorokea mlango wa nyuma. Kulipokucha, baiskeli yake na koti vilikutwa kwenye matope ya korongo. Mwili haukuonekana. Wakakaa matanga bila kaburi.

"Hakuzikwa, ndiyo maana anatembea," Rogers alimwambia Kristina. "Nimeuliza. Sinema ile wameipiga Matombo. Wewe unakwenda huko kila mara kuchukua ndizi. Nipeleke."

"Ukifika ufanye nini?"

"Kama ni mzimu, nitamwomba radhi."

"Na kama ni mtu?"

Rogers alitazama chini. "Nipeleke tu."

"Ngoja nitangulie mimi, niulizie kwanza. Barabara ya kule ni mbaya."

Alfajiri iliyofuata, Kristina alipofungua mlango na mfuko wake begani, Rogers alikuwa amesimama uani.

Kutoka Morogoro mjini walichukua pikipiki mbili. Kila walipopumzika, Kristina alipiga simu, akakata, akapiga tena. Mtandao haukukamata.

"Unampigia nani?"

"Mama Regina, anayeniuzia ndizi. Asije akampa mtu mwingine mzigo wangu."

Mvua ilikuwa imeichimba barabara. Mara mbili walishuka wakasukuma. Rogers alikuwa akiyatazama mashamba ya migomba kana kwamba kuna mtu atakayechomoza kati ya majani. Kristina hakutazama popote.

Regina, mama mtu mzima mwenye mguu mbaya, alikuwa akianika mdalasini mbele ya nyumba. Aliwaona, akaacha mikono hewani.

"Mama, shikamoo," Kristina aliwahi kusema. "Huyu ni shemeji yangu, Rogers. Mdogo wake marehemu."

"Marahaba, wanangu." Regina aliwasogezea vigoda. "Karibuni. Poleni na safari."

Rogers hakukaa. Alimwonyesha picha aliyoipiga kutoka kwenye kioo cha kibandani.

"Mama, huyu alikuwa kwenye sinema iliyopigwa hapa kwenu. Ni nani?"

Regina aliisogeza simu mbali na macho, kisha karibu. Alimtazama Kristina, akairudia picha.

"Wale wafu tulikuwa sisi wenyewe," alisema hatimaye. "Walimu, wanakwaya, na katekista wetu. Mimi mguu unanisumbua, kwa hiyo nilikuwa mwisho kabisa. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, baba."

Simu ilimtoka Rogers mkononi. Alipiga magoti pale pale, katikati ya mdalasini, akaugeukia mlima.

"Kaka, nisamehe! Daktari aliniambia mtoto ameuawa na homa ya uti wa mgongo. Nilimsikia, nikakataa. Nilitaka mtu wa kumlaumu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Nisamehe, kaka yangu."

Alilia mpaka kuku wakasogea mbali. Kristina alifungua mdomo, akapiga hatua moja kumwendea. Regina alimshika mkono, akatikisa kichwa polepole.

Rogers aliposimama, alionekana kama mtu aliyetoka kuugua.

"Nitapitia misheni nimwombee misa," alisema. "Twende, shemeji."

"Tangulia. Mimi nabaki nipakie ndizi."

Rogers alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba, akapanda pikipiki. Kristina alibaki barabarani akisikiliza. Mlio ulipotea kwenye kona, ukarudi, ukapotea tena. Hata ulipokwisha kabisa, alisubiri kidogo. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akausukuma mlango wa jiko.

"Ameondoka," alisema. "Haya sasa nieleze, Stefano. Miaka miwili umekufa vizuri tu. Nani alikutuma ukaigize?"