Sikio la Fundi Matano

"Mimi sifungui injini kuitafutia maradhi," alisema Fundi Matano. "Naisikiliza. Na tangu nianze kazi hii, sikio langu halijakosea."

Alikuwa ameinama juu ya pikapu ya Bi Mwanamkasi, uani kwake Bofu. Bisibisi ndefu ameisimamisha, ncha juu ya injini, mpini sikioni. Kahindi, dereva wa pikapu, akapiga stata. Injini ikakohoa mara mbili, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

"Kranki imekatika vipande viwili," Matano akatoa hukumu. "Hii ni maiti. Itolewe ikazikwe."

"Lakini Fundi," Kahindi akajaribu, "rejeta ilikauka njiani tukitoka Kwale na nazi. Si tungeifungua kwanza tuone? Pengine ni gasketi tu."

"We Kahindi, kazi yako usukani. Masikio niachie mimi."

Barazani, Mwanasaumu, bintiye Bi Mwanamkasi, alikuwa akikuna nazi huku akicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomleta Matano pale kila siku, pikapu ilikuwa kisingizio. Posa alikwisha kuipeleka. Mama akajibu: pikapu yangu ikinifikisha Kwale na kunirudisha, wazee wako na waje. Binti naye akatuma jibu lake mwenyewe: nitakukubali siku utakaposema mbele ya watu, kwa kinywa chako, "Sikio langu limekosea." Mara moja tu.

Matano aliona ni nafuu kubadilisha injini kuliko kuyatamka maneno hayo matatu.

Basi maiti ikatolewa. Odhiambo, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, akaipakia kwenye mkokoteni, akaivusha feri, akaenda nayo kwao Changamwe. Matano naye akauza redio-kaseti yake ya spika mbili, ile aliyoitembeza begani Idi mbili mfululizo, akaanza kutafuta injini ya kumzawadia mama mkwe.

Aliipata baada ya wiki tatu, huko huko Changamwe, kwenye yadi ya injini zilizotumika. Zilikuwa tano, zimepangwa juu ya magogo. Mwenye yadi akaziwasha moja moja, na Matano akazisikiliza kwa bisibisi yake. Ya nne, iliyopakwa rangi ya buluu ikang'aa, ilinguruma taratibu, bila kikohozi hata kimoja, kama mzee anayevuta uradi.

"Hii imeshuka melini juzi," Matano akasema. "Ya Japani hii. Haijaonja hata chumvi ya Mombasa."

Mwenye yadi alimtazama kidogo. "Ukishasema wewe, Fundi, mimi nani nibishe?"

Walipoiteremsha ndani ya pikapu, injini ilikaa kama mtu aliyerudi kitandani kwake. Kila tundu likapata bolti yake. Hata kile kibati alichokibuni Kahindi mwaka juzi cha kushikilia bomba la moshi kilipata pa kufungwa.

"Ajabu," Kahindi akasema.

"Ajabu gani? Wajapani wanajua kupima."

Bi Mwanamkasi akaenda Kwale, akarudi na nazi zake, na moshi hakuuona hata wa sigara.

"Umesikia tofauti, mama?" Matano akamuuliza. "Ile maiti ilikuwa na sauti ya punda mwenye mafua. Hii, hata mngurumo wake ni wa kigeni."

"Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu. Waambie wazee wako waje Alhamisi."

Hapo Matano angechukua vyombo vyake akaenda zake. Lakini mpenda sifa haondoki sifa zikiwa bado za moto.

"Kumebaki jambo moja," akasema, kwa sauti ya kufika barazani. "Injini mpya lazima iandikishwe. Kila injini ina nambari yake, kama mtu na kitambulisho. Dunia nzima huzikuti mbili zenye nambari moja. Mwanasaumu! Lete kitabu cha gari na kalamu. Nikusomee nambari uiandike, kesho niipeleke ofisini wakaifute ile ya maiti."

Mwanasaumu akaleta kitabu, akaketi barazani, akakifungua magotini. Matano akaingiza kichwa chini ya boneti, akaanza kukwaruza rangi ya buluu kwa bisibisi ile ile.

"Andika. Nne."

"Enhe."

"Sita. Moja." Akatega sikio. "Mbona sisikii kalamu?"

"Endelea tu, Fundi."

"Sufuri..." Rangi hapo ilikuwa nzito. Akakwaruza.

"Tisa," Mwanasaumu akasema kutoka barazani. "Halafu saba. Halafu mbili."

Matano akakwaruza. Tisa. Akakwaruza tena. Saba. Akakwaruza ya mwisho. Mbili.

"Umeionaje," akauliza, kichwa bado ki chini ya boneti, "na wewe uko huko barazani?"

Kahindi alikuwa amekwisha kusogea. Alichungulia kitabu juu ya bega la Mwanasaumu, akaketi chini polepole, akajifunika uso kwa kofia. Mabega yakaanza kumtikisika.

Mwanasaumu alifunika kalamu. Hakuwa ameandika kitu. Akakigeuza kitabu kile kikuukuu, kurasa zake zimekuwa manjano, akakielekeza kwa Matano, kidole kikiwa juu ya nambari iliyoandikwa humo mwaka marehemu babake alipoinunua pikapu.

"Sasa yaseme yale maneno matatu, Fundi," akasema. "Nakusikiliza."